Toba ya Molo

Baba yake alikuwa amemtaka neno moja tu.

"Nenda kambini," Mzee Khaemba alimwambia kwenye stesheni ya Nakuru, kofia yake ya gadi kichwani na bendera zake mbili zimebanwa kwapani. "Nenda ufunge vidonda vya watoto wa watu. Lakini Jumapili ya wazazi mimi mwenyewe nitapanda huko Molo, na nitataka uniambie neno moja. Ndiyo ama hapana. Watu wa Makokha wamengoja tangu Pasaka."

"Nimesikia, Baba."

"Kusikia umesikia siku mingi. Mimi sasa nataka kujibiwa."

Hakusema kwa ukali. Mzee Khaemba alikuwa mtu wa sauti ya chini, na binti zake walimwogopa kwa sababu hiyohiyo. Alimpandishia sanduku lake la bati, akamnunulia ndizi kupitia dirishani, kisha akaenda zake kwenye treni yake ya mizigo bila kugeuka nyuma.

Basi Naliaka akakaa kwenye benchi la mbao la daraja la tatu, ndizi mapajani, akalitafuta lile neno moja tangu Nakuru hadi Njoro asilipate. Mwalimu Makokha wa Kimilili hakuwa na kasoro. Alikuwa mpole, alikuwa na baiskeli na nyumba ya mabati, hakunywa pombe, na alipokuja kuwaamkia wazazi alivua kofia tangu mlangoni. Shida yake ilikuwa moja, nayo Naliaka hakuweza kumwambia mtu: akifumba macho, hakuweza kuikumbuka sura ya mwalimu huyo. Alikumbuka baiskeli.

Naye hakuwa tena msichana wa kuringa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, nesi katika hospitali ya Nakuru, na wenzake aliocheza nao kati ya zile nyumba za wafanyakazi wa reli, ambazo kila mtu aliziita landhi, walikuwa tayari na mtoto mgongoni na mwingine akivuta gauni. Shangazi zake wakija kutoka Kimilili walimtazama kama chai iliyosahauliwa mezani.

Treni ilipopita Elburgon baridi ilianza kupenya kwenye mbao, na harufu ya misitu ikaingia pamoja nayo. Njia hii aliijua. Alikuwa ameipanda Agosti tatu mfululizo, alipokuwa na miaka kumi na mitano, kumi na sita na kumi na saba, behewa zima limejaa vijana wa kanisa wakiimba mpaka abiria wengine wakaomba huruma. Kisha taabu za nchi zikaja, watu wakahamishwa huku na kule, na kambi ya vijana ya Molo ikalala. Sasa, Agosti hii ya 1958, kanisa lilikuwa limeiamsha na lilikuwa linatafuta nesi. Naliaka alikubali kabla mchungaji hajamaliza kueleza. Alijiambia kwamba anakwenda kwa ajili ya watoto.

Watoto walikuwemo, kweli. Lakini pia alikuwa amesikia, kwenye bomba la maji kule landhi, kwamba karani mpya wa stesheni ya Molo ni Dalmas, yule mtoto wa Achola. Moyo hauna adabu. Unaweza kukaa kimya miaka sita, ukaamshwa na umbeya wa wanawake wanaosubiri ndoo zijae.

Dalmas alikuwa amesimama langoni mwa stesheni katika koti jeusi la reli, akipokea tikiti. Mabega yalikuwa yamejaa. Masikio yalikuwa yale yale makubwa. Naliaka alijipanga nyuma ya mama mmoja mwenye kuku, akaomba foleni isiishe, nayo ikaisha.

"Tikiti," Dalmas alisema bila kuinua macho. Kisha akayainua.

Mkono wake ulibaki hewani.

"Naliaka."

"Karani," alimjibu.

"Habari ya siku mingi?"

"Siku mingi ni zako. Mimi nimekuwa hapo Nakuru tu."

"Nilisikia kanisani kuna nesi anakuja, anaitwa Naliaka. Nikasema labda ni mwingine."

"Na sasa unaona nini?"

"Naona," alisema Dalmas, na akaendelea kuona.

Watu nyuma yao wakachoka kungoja, wakaanza kupita. Mzee mmoja akapita na tikiti yake mkononi, vijana wawili wakapita bila tikiti kabisa, wakikimbia, na karani wa stesheni hakumsimamisha hata mmoja.

"Nikupe hii tikiti ama niende nayo?"

Akaipokea. Vidole vyao vilikutana kidogo tu, na Naliaka akakasirika, kwa sababu mwili wake haukumwomba ruhusa kabla ya kutetemeka. Alikuwa amepanga kumchukia vizuri zaidi ya hivyo.

Kambi ilikuwa mahali pale pale, kwenye ghala la zamani la kukaushia pareto ambalo mzungu mmoja aliliachia kanisa. Wasichana walilala humo juu ya nyasi kavu, na kwa kuwa pareto ndiyo maua yanayotengenezwa dawa ya wadudu, hapakuwa na kiroboto hata wa kusingizia. Wavulana walilala kwenye mahema na kuliwa mpaka asubuhi. Jambo hilo liliwafurahisha wasichana kila mwaka upya.

Wa kwanza kumpokea alikuwa Wangare wa Elburgon, rafiki yake wa zile Agosti tatu, ambaye sasa alikuwa mke wa mtu na mkubwa wa jikoni. Walikumbatiana mpaka mwiko ukaanguka kwenye majivu.

"Ngai! Naliaka! Hospitali hawakupi chakula?"

"Wewe nawe, umenona umekuwa mama!"

"Mimi niko na watoto wawili. Nilitoka hapa, tukapelekwa huko, tukarudi, nikaolewa. Haya ni maneno ya kesho." Wangare aliokota mwiko, akaufuta kwa aproni, akamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. "Umemwona?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Mimi ndiye nilikuwa nakaa katikati yenu tukimenya viazi."

Ndiyo, viazi. Mapenzi mengine huanzia kwenye ngoma au kwenye kisima. Ya Naliaka yalianzia kwenye gunia la viazi vya Molo, na lawama zote ni za Mzee Hezekiah. Huyu alikuwa mwalimu wa kanisa na kiongozi wa kambi, mtu mwema mwenye ndevu na hofu kubwa ya vijana, na alikuwa ameweka sheria kwamba mvulana na msichana wasizungumze ila wakiwa kazini. Matokeo yake vijana wa Molo waliipenda kazi kupita kiasi. Walichota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji, wakapasua kuni za kutosha miaka.

Dalmas hakujua kumenya. Alikuwa akikata kiazi kana kwamba kimemkosea, nusu nzima ikienda na ganda, na Naliaka akawa anayaokota maganda yake na kuyamenya tena. "Wewe, ukioa, mke wako atakufa njaa huku viazi viko," alimwambia mwaka ule wa kwanza. Naye akamjibu, "Basi nitaoa mtu wa kuokota maganda." Wangare, aliyekaa katikati, akasema yeye amechoka kupitiwa na maneno masikioni. Tangu hapo Dalmas akamwita Naliaka *nyar landhi*, maana yake kwa Kijaluo ni binti wa landhi, ingawa na yeye alizaliwa katika nyumba hizohizo, mstari wa pili kutoka kwao. Nakuru walikuwa wakipishana njiani bila hata salamu. Ilibidi wapande mlima ili waonane.

Alimwambia kwamba atakuwa dereva wa treni, na akipita nyuma ya nyumba yao atapiga king'ora mara mbili. Akamfundisha kuimba sauti ya pili huku yeye akiimba ya tatu, na mvua ilipowafungia ukumbini mwa ghala waliimba watatu mpaka Mzee Hezekiah akaja kuona kwa nini kuna furaha nyingi hivyo. Hawakuwahi kushikana mkono. Si kwamba hawakutaka. Mkono wa mtu ulikuwa kitu kikubwa siku zile.

Kisha ikaja jioni ile ya mwisho ya kambi ya mwisho.

Ilikuwa miaka ya moto wa wokovu. Waliookoka walitembea nuruni, maana yake hawakuficha kitu, na kila jioni kabla ya chakula aliyekuwa na dhambi alisimama akaitaja mbele ya wote. Alibaki amesimama mpaka mtu aanzishe wimbo. Wimbo ndio uliomwambia kwamba amepokewa. Vijana walitubu miwa ya kuiba na uongo wa shuleni. Msichana mmoja alitubu kuitamani sweta ya Wangare, na Wangare akaanza kulala na sweta yake chini ya kichwa.

Jioni ile Dalmas alisimama kando ya nguzo. Alikuwa na miaka kumi na minane.

"Bwana asifiwe. Mimi nataka kutembea nuruni. Kuna msichana nimemweka moyoni mbele ya Mungu. Ni Naliaka wa Khaemba. Nikiomba, naona yeye. Leo natubu hiyo dhambi. Nimemwacha hapa."

Mzee Hezekiah aliuanzisha wimbo kwa sauti ya shangwe, ghala zima likasimama, na vijana wakamkumbatia Dalmas ambaye uso wake uling'aa kwa furaha ya kweli. Hilo ndilo lililokuwa baya. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Naliaka alibaki ameketi katikati ya wasichana, magoti ameyabana, na katika watu wote wale yeye peke yake hakuimba.

Habari zilifika landhi kabla yake. Wanawake wakasema hakuna anayetubu upepo, lazima kulikuwa na kitu. Mama yake alilia. Baba yake hakumwuliza lolote, alimtoa kwaya, na siku moja tu, akivua viatu vyake vya kazi, akasema, "Mjaluo, kwao hawatahiri, tena amekufanya dhambi mbele ya watu. Sijui nianze kukasirikia lipi." Achola naye akampeleka mwanawe shule ya mbali, Nyanza, na yakaishia hapo.

Umbeya Naliaka aliuzoea, kwa maana hata umbeya huchoka. Asichokizoea ni jambo dogo kuliko hilo. Na yeye pia alikuwa amemweka Dalmas moyoni, na akiomba alimwona. Yeye alikuwa akimshukuru Mungu kwa hilo kila siku.

Jumamosi mchana Dalmas hakuwa kazini. Alikuja jikoni amevaa sweta ya kijani iliyoshonwa kiwiko, akamwamkia Wangare, akavuta kigoda karibu na rundo la viazi, akachukua kisu bila kuambiwa. Naliaka alikuwa ameketi upande wa pili wa rundo. Wangare aliwatazama wote wawili, kisha akakumbuka kwamba ana neno la haraka sana na mpasua kuni.

Walimenya. Ganda lilitoka kwenye kisu cha Dalmas jembamba, refu, bila kukatika.

"Umejifunza," Naliaka alisema mwishowe.

"Nimeishi peke yangu siku mingi. Njaa inafundisha."

"Hukuoa?"

"Sikuoa. Na wewe nasikia watu wa Kimilili wako karibu."

"Kesho Baba anataka jibu."

Kisu cha Dalmas kikasimama. "Utasema nini?"

"Hiyo si maneno ya kuuliza wewe."

"Ni kweli." Akachukua kiazi kingine, akakizungusha mkononi bila kukimenya. "Naliaka, mimi nilikuja kuomba hii kazi ya Molo. Walitaka kunipeleka Kisumu, na Kisumu ni karibu na kwetu. Nikasema hapana, nipeni Molo. Watu wakashangaa, nani anaomba baridi? Nilitaka kukaa mahali nilikuona mara ya mwisho. Nakupenda. Sijaacha. Nilijaribu kuacha na nikashindwa, na sasa sitaki tena kujaribu."

Alikuwa ameyangoja maneno hayo tangu utoto wake, na yalipokuja yalimkuta mikono imejaa matope ya viazi. Naliaka aliinamisha kichwa. Macho yalikuwa yamejaa, naye hakutaka yamwagike mbele ya mtu huyu kabla hajasema lake.

"Dalmas, ulinitubu."

"Nilikuwa kijana. Nilitaka kuwa safi."

"Na mimi nilikuwa uchafu?"

Dalmas aliinamia kiazi chake.

"Nijibu. Mtu anatubu nini? Anatubu wizi. Anatubu uongo. Wewe ulisimama pale ukatubu mimi. Watu wakaimba, wakakushika mkono, wakakwambia umefanya vizuri. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa dhambi ya mtu. Unajua mama yangu aliitwa kuulizwa kama niko na mimba?"

Dalmas aliinua macho. "Hiyo sikujua."

"Utajuaje? Ulikuwa umeokoka."

Moshi wa kuni ulikuja upande wao, wakaufanya kisingizio cha kufuta macho, Dalmas kwa mkono wa sweta na Naliaka kwa pindo la leso.

"Nifanye nini?" Dalmas aliuliza. "Niambie, nitafanya. Nitaenda kwa baba yako nipige magoti."

"Aliyeaibika si Baba peke yake." Sauti ya Naliaka ilikuwa imetulia sasa, ya chini kama ya baba yake. "Ulinikataa mbele ya watu, halafu unanipenda nyuma ya jiko. Mimi siwezi kuolewa nyuma ya jiko."

Dalmas alikirudisha kiazi kwenye rundo. Kila mtu wa wokovu alijua gharama ya kuifuta toba mbele ya watu, na yeye alikuwa ndiye mwalimu wa kwaya ya Molo.

"Nikisimama kusema ile toba ilikuwa makosa, ndugu watasema nimepoa," alisema polepole. "Mtu aliyepoa hawamwachii kwaya. Hata mkono hawampi."

"Najua. Mimi waliniita vibaya zaidi, na sikuwa hata nimesimama."

Aliosha mikono yake, akaenda kumwangalia mtoto aliyejikata kidole. Hakugeuka nyuma, lakini alisikia kwamba kisu hakikuendelea kumenya.

Jumapili wazazi walipanda na treni ya asubuhi, na sufuria zao, na kuku wao, na makoti waliyoazimana kwa ajili ya baridi. Manyunyu yalikuwa yakianguka, kwa hiyo ibada ilifanyika ndani ya ghala. Mzee Khaemba alikuja na kofia yake ya kazi. Alikaa benchi la mbele, kofia magotini, akampa binti yake mkono, na hakumwuliza kitu. Angengoja mpaka chai. Naliaka alijua, na alijua pia kwamba kama kitu hakitabadilika, neno lake litakuwa ndiyo, na ataondoka Molo akiwa mchumba wa mtu ambaye yeye mwenyewe haikumbuki sura yake. Makokha angalau hakuwahi kumwaibisha.

Baada ya mahubiri ukaja wakati wa ushuhuda. Mzee Hezekiah, ndevu zake sasa nyeupe, aliketi kando ya meza na kuwapokea mmoja mmoja. Kijana mmoja alitubu kula mkate wa mwenzake. Wakaimba. Mama mmoja alitubu kumsema jirani, na jirani aliyekuwa amekaa hapohapo akashtuka. Wakaimba.

Dalmas akasimama. Alikwenda mpaka kando ya nguzo ile ile.

"Bwana asifiwe."

"Amina," watu wakaitika.

"Wengine hapa mnanijua kama mwalimu wa kwaya. Wengine mnanijua zamani. Mwaka wa hamsini na mbili nilisimama hapa, nikatubu. Leo nataka kutembea nuruni tena." Akaigusa nguzo. "Natubu ile toba."

Mzee Hezekiah alijisogeza kwenye kiti.

"Dalmas, mwanangu. Toba haitubiwi."

"Hii inatubiwa, Mwalimu, kwa sababu nilidanganya ndani yake. Nilisema Naliaka wa Khaemba ni dhambi yangu. Hakuwa dhambi. Sikumshika hata mkono. Tulimenya viazi, basi. Wangare ni shahidi."

"Kweli kabisa!" Wangare alipaza sauti kutoka mlango wa jikoni, sufuria mkononi. "Mimi nilikuwa katikati!"

Kicheko kidogo kilipita nyuma, kikajificha.

"Nilitaka kuonekana safi," Dalmas aliendelea. "Nikachukua jina la mtoto wa watu, nikajipangusia nalo. Mimi nikabaki safi, yeye akabaki na uchafu wangu miaka sita. Mzee Khaemba, uko hapa. Nyumba yako iliaibika kwa mdomo wangu. Nisamehe, Baba. Ndugu mkisema nimepoa, semeni. Lakini leo nasema ukweli. Nilimpenda, na bado nampenda, na Mungu hajawahi kunigombeza kwa hilo."

Alibaki amesimama, mikono imening'inia, kama desturi ilivyotaka, akingoja wimbo.

Wimbo haukuja. Mzee Hezekiah alifungua kinywa, akakifunga. Ndugu wa wokovu walitazamana. Hakuna aliyejua kama huu ni ushuhuda au ni uasi, na kwa jambo la namna hii hapakuwa na wimbo uliozoeleka. Manyunyu yaligonga mabati. Mtoto akakohoa. Dalmas alikuwa akitazama ardhi, na masikio yake makubwa yalikuwa yamewaka mekundu.

Naliaka alimtazama baba yake. Mzee Khaemba alikuwa akiizungusha kofia yake magotini, taratibu, macho kwenye kofia.

Alikuwa ameapa kwamba hataimba tena mahali hapa. Alisimama. Aliuanzisha wimbo ule ule wa jioni ile, lakini akauanza chini mno. Akaanza tena, juu zaidi. Mstari wa kwanza aliuimba peke yake, watu wote wakimgeukia, na hakuona haya hata kidogo. Kwenye mstari wa pili Wangare aliingia kwa sauti kubwa isiyo na mpango. Kisha watoto, ambao hawakujua kinachoendelea ila walijua wimbo. Kisha benchi baada ya benchi, hata Mzee Hezekiah, akitikisa ndevu. Mwisho kabisa, kutoka kando ya nguzo, ikaja sauti ya tatu, imelowa machozi, ikajiweka chini ya sauti yake mahali pake pa zamani.

Mzee Khaemba hakuimba. Aliendelea kuizungusha kofia.

Wakati wa chai alimwita Dalmas kando, karibu na pipa la maji, na Naliaka aliyekuwa akigawa chai akamwaga chai ya watu wawili.

"Wewe, mtoto wa Achola."

"Naam, Mzee."

"Miaka sita mimi nilijua mtoto wangu hana makosa. Lakini baba akisema, watu wanasema ni baba. Nilikuwa nangoja yule aliyesema mbaya arudi aseme nzuri, hapohapo, mbele ya watu. Nikadhani nitakufa bila kusikia." Alivaa kofia yake, akaivuta sawasawa. "Watu wa Makokha nitawaambia mimi mwenyewe. Ni watu wazuri, watasikia vibaya, na mimi nitasikia vibaya pamoja nao. Wewe utakuja landhi na wazee wako. Mambo ya mila yenu na yetu tutaongea huko, na itachukua muda, usifikiri tutamaliza kwa wimbo. Na ukifika mlangoni kwangu, usisimame kutubu kitu chochote. Kaa chini unywe chai."

"Ndiyo, Baba," alisema Dalmas.

Treni ya kurudi iliingia kabla ya giza. Dalmas alikuwa langoni tena katika koti lake jeusi, akipokea tikiti, na safari hii hakumwachilia mtu. Naliaka alimsindikiza baba yake mpaka kwenye behewa, akamshikia kikapu mpaka alipopanda, akangoja. Mzee alikaa dirishani akaangalia mbele. Alikuwa ameanza kufunga dirisha.

"Baba!" Naliaka alisema. "Hujaniuliza lile neno."

Mzee Khaemba aliuzuia mkono wake juu ya kioo, na kwa mara ya kwanza tangu kambi ile ya mwisho, binti yake akamwona akitabasamu.

"Mimi nilikuomba neno moja," alisema. "Wewe ukaniletea wimbo mzima. Nikuulize nini tena?"